Mstari wa Penseli ya Buluu

4 Machi

Baba,

Shikamoo. Sisi wazima, ila bibi goti linamsumbua. Kazi huko inaendaje? Unakula vizuri?

Baba, nimefungua kasha lako. Nilitoa ile ramani ya bonde letu nikainakili kwa ajili ya mchezo wetu wa mezani, ule ambao mimi nasimulia safari na wenzangu wanarusha dadu. Ukweli ni kwamba pale mezani ndipo pekee ninapoweza kuongea mbele ya watu. Pale kontua, ile mistari ya mwinuko, zilipobanana niliweka majabali na pango la joka. Ule mstari wa penseli ya buluu unaozunguka bonde zima nikaufanya ukingo wa ziwa. Wakaupenda. Kisha mmoja akauliza, “Haya bosi, waliozama ni kina nani?” Nikatafuta kijiji cha kukipa jina, nikakuta, ndani ya mstari, kijumba cheusi penye kona ya mto.

Ni kwetu.

Huo mstari umechorwa na nani?

Mwanao

19 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima, mvua tu ndiyo inatulaza hemani. Mkande bibi goti kwa maji ya moto.

Kasha la mtu halifunguliwi hivi hivi, na unajua. Halafu joka lako umeliweka upande mkavu, litakufa kiu kabla hawajalifikia. Lisogeze kwenye kijito.

Penseli ni mambo ya kazi. Bibi asiione hiyo ramani.

Baba

2 Aprili

Baba,

Shikamoo. Goti limepoa. Joka nimelihamisha, asante.

Lakini sielewi. Nilimwuliza mwalimu wa jiografia, kwa kuzungukazunguka, akasema mstari unaofuata kontua moja namna hiyo mpimaji huuchora kuonyesha maji ya bwawa yataishia wapi. Mpimaji ni wewe. Sijui nimekukasirikia au nakuonea huruma, asubuhi hivi, jioni vile. Kwenye nakala yangu niliushusha mita kumi, nyumba ikabaki nchi kavu. Wenzangu wakacheka: “Acha kubeba watu wako, maji hapo yatafika tu.”

Bibi ameita fundi abadilishe paa. Anataka nikuulize, mabati mekundu au ya kijani. Nimjibu nini?

Mwanao

8 Aprili

Mwanangu,

Mwambie fundi asipande. Bibi usimweleze zaidi ya hapo, huo si mzigo wako. Jumamosi nakuja kumwambia mwenyewe. Nilipaswa kuja tangu mwezi wa kwanza.

Hata mimi niliushusha ule mstari. Mara tatu, na kila mara nikarudi kupima upya, ukarudi palepale.

Baba yako