Machi Iko kwa Kinyozi, Juni Imekwenda Kigoma

Mpendwa Bi Mwanamkuu, shikamoo.

Nakuomba barua hii uisome umekaa, maana mimi naiandika nimesimama nyuma ya kaunta ya duka langu hapa Kanyenye, Tabora, na kila mteja akiingia naificha chini ya jora la kaniki. Jina langu ni Nabhan, nauza vitambaa na vipuri vya baiskeli, nina mke anaitwa Khole, na tunaishi na mama yake, mkwe wangu Bi Fakhria, mtu mzima wa heshima zake, ambaye tangu afiwe na mumewe amekuwa nasi, na kila alasiri hukaa barazani kwetu akauza visheti alivyopika mwenyewe, na visheti vyake, nisimdhulumu, havina mfano kuanzia hapa mpaka stesheni.

Shida yangu ni hesabu za kodi. Zilikuwa tayari, Bi Mwanamkuu, za mwaka mzima kama ofisi inavyotaka, safi kabisa, zimepigwa taipu na Mzee Anton, karani mstaafu wa reli ambaye ndiye anayewapigia taipu wenye maduka wa mtaa wetu, karatasi nyeupe nene, kila mwezi na kurasa zake, mauzo huku na manunuzi huku, nikaziweka katika sanduku la bati pale ukumbini, juu ya sanduku nikaweka redio, nikajiona nimemaliza. Mzee Anton aliniuliza kama anipigie na nakala ya pili kwa karatasi ya kaboni, nikamwambia ya nini, sanduku lenyewe ni la bati.

Sasa afisa wa kodi, Ndugu Wenceslaus, akaniletea taarifa kwamba anazihitaji, nami nikafungua sanduku kwa madaha, nikakuta majalada matupu na mwezi mmoja wa Desemba. Unajua hali ya siku hizi, mwenye duka asiye na karatasi anaitwa mnyonyaji kabla hajamaliza kujieleza, na leseni yenyewe inaombewa upya kila mwaka, basi nilipofika mbele ya Ndugu Wenceslaus mdomo wangu ulinitangulia ukasema zimeliwa na mchwa. Hakukasirika. Aliandika kitu, akasema kwamba amesikia habari za mchwa kutoka kwa wafanyabiashara wengi lakini hajapata kuwakuta kazini, kwa hiyo atakuja mwezi ujao awaone.

Nyumbani kwangu hapakuwa na mchwa hata mmoja. Nikamwendea Kasimiri, rafiki yangu wa Sikonge anayeleta asali mjini kwa baiskeli, nikamwomba aniletee mchwa. Akaniuliza kama nimeanza kufuga kuku, nikasema ndiyo, nao ulikuwa uongo wa pili. Akaniletea debe zima la udongo wa kichuguu. Siku Khole na mama yake walipokwenda arusini nikamimina ule udongo ndani ya sanduku juu ya magazeti ya zamani, nikafunika, nikangoja wafanye kazi yao. Bi Mwanamkuu, wale wadudu hawakugusa gazeti hata moja. Walitoka sandukuni kwa safari zao, wakapanda fremu ya mlango, na kutoka hapo wakaingia kitanda cha Bi Fakhria. Sasa mkwe wangu anasema katika maisha yake hajapata kulala na mchwa, na anamlaumu binti yake kwamba hafagii, na Khole analia huku anafagia, amefagia mpaka mbele ya nyumba ya jirani, na mimi nimekaa nakunywa chai nikiwatazama.

Ikawa siku moja nipo kwa kinyozi wangu Mussa, wembe uko shingoni, naye akaniambia kwa upole, "Bwana Nabhan, mwezi wa Machi ulikukubali sana. Kaniki tu peke yake ilikutosha." Nikamuuliza amejuaje. Akanionyesha kwa ule wembe ukutani kando ya kioo, na pale nikaiona Machi yangu, ina doa la mafuta, imebandikwa kwa misumari midogo, akasema ameipenda kwa jinsi tarakimu zilivyonyooka, aliipata imefungiwa visheti.

Nilitoka mbio na povu upande mmoja. Nikamkuta mkwe wangu barazani, kando yake bunda la karatasi limewekewa jiwe lisipeperuke, anachana kila ukurasa vipande viwili, na wateja wamejipanga. Bi Fakhria anasoma herufi za Kiarabu tu, kwa hiyo karatasi yenye Kiarabu hafungii kitu asije akalitia mafuta jina la Mungu. Magazeti nayo ameyakataa kwa sababu yana picha za viongozi na hawezi kumkunja kiongozi. Zikabaki hesabu zangu, ambazo hazina picha wala dua. Na sasa ndiyo nakumbuka kwamba wakati wa masika aliniuliza kama zile karatasi za sandukuni zina kazi, nami nilikuwa nasikiliza mpira redioni nikamwambia hazina, chukua tu mama. Pale barazani nilijipanga nyuma ya wateja. Nilinunua visheti nikaingia ndani.

Tangu hapo nimekuwa nazitafuta kwa siri. Mwalimu mmoja alikuwa na nusu ya Februari. Juni waliinunua abiria wa treni, imekwenda Kigoma. Mji mzima unajua mauzo yangu, na jirani yangu Hilali amenisimamisha msikitini kuniuliza kwa nini nilimlilia kwamba Septemba biashara ilikuwa mbaya.

Sasa nishauri. Nikimwambia afisa ukweli, nimemwaibisha mkwe wangu mbele ya serikali. Nikimwambia mkwe wangu, nitamtazamaje usoni. Nikinyamaza, Khole ataendelea kufagia. Na swali moja ambalo naona haya kuliuliza: kwa kuwa mchwa sasa wapo kweli, tena wameshakula fremu ya mlango, je, si ni kama sikusema uongo?

Ni mimi, Nabhan, Kanyenye.

Bi Mwanamkuu anajibu

Marahaba, Nabhan.

Jibu hili nilikutumia kwa posta siku ileile, maana afisa wa kodi hangojei gazeti. Leo nalichapa kwa faida ya wenzako, na jina lako nimeliacha lilivyo kwa ruhusa yako, kwa kuwa kama ulivyosema mwenyewe, mji umeshakusoma.

Pole. Kazi ya mwaka mzima kuiona inazungushiwa visheti si jambo dogo, na hofu yako naielewa. Pole yenyewe inaishia hapo.

Hakuna aliyekuibia wala kukuharibia. Mama aliuliza, ukamjibu. Umeliandika hilo katikati ya barua harakaharaka, kama mtu anayepitisha kuku mbele ya askari wa mifugo, lakini nimeliona. Aliyeuliza kabla ya kuchukua ana adabu kuliko mwenye nyumba asiyegeuza shingo kutoka kwenye redio. Kwa hiyo acha kuniambia habari ya kumwaibisha mkwe. Aibu ni yako, ibebe mwenyewe, utaona ni nyepesi kuliko debe la udongo.

Swali lako la mchwa nimelisoma mara mbili nikacheka, halafu nikakasirika. Hapana, Nabhan. Ulisema wamekula hesabu, na hesabu hawajazigusa. Mchwa uliowaleta mwenyewe hawawezi kukushuhudia.

Sasa inuka. Kabla ya kwenda popote pita kwa Khole umwambie yote, na ufagio umpokee. Mwanamke amelia kwa uchafu ambao wewe uliuingiza kwa mkono wako. Kisha nenda barazani na karatasi za kaki za kutosha, umwamkie mama, umwambie zile za sandukuni zina kazi na kwamba ulimjibu bila kusikiliza. Bunda lililobaki lichukue palepale. Usingoje kesho, kila kisheti kinachouzwa ni wiki moja ya mauzo yako inaondoka. Na lile sanduku usilitumie kwa lolote, usitie kitu wala kutoa, mpaka umeandika mwezi gani upo na mwezi gani haupo.

Zilizochanika zigandishe kwa uji wa ngano. Mafuta hayaui taipu. Iinue karatasi dirishani utaisoma. Zilizokwenda Kigoma ziache ziende. Mzee Anton hakupiga taipu kutoka hewani, ulimpa rasimu uliyoandika kwa mkono, na karani wa reli hatupi karatasi. Nenda kamuulize. Kinachokosekana hata kwake, kijenge upya: una vishina vya vitabu vya stakabadhi, na duka la jumla unakonunua lina nakala za ankara zako. Ni kazi ya kuchosha. Ungemkubalia Anton ile karatasi ya kaboni, leo ungekuwa umelala.

Kwa Ndugu Wenceslaus nenda wewe, usimngoje aje. Mwambie mchwa ulikuwa uongo, mwambie visheti, mwonyeshe ulichopata, na umwombe muda kwa maandishi. Kupotelewa na karatasi kunasameheka. Kumpeleka afisa wa serikali akakague wadudu wa kuazima ni jambo jingine, na akiligundua mwenyewe mimi sitakuwa na ushauri wa kukupa. Fremu ya mlango ipake mafuta machafu ya gari, na kitanda cha mama ukitoe juani ukisugue wewe.

Kuanzia sasa kila ukurasa upigwe nakala tatu kwa pamoja. Moja nyumbani, moja dukani, na ya tatu kwa mtu wa nyumba nyingine asiyepika kwa kuuza. Na kila baada ya Idi zifungue zote uzisome, maana nakala ambayo hujaifungua hujui kama ipo. Wewe ulikuwa na sanduku la bati na imani kubwa, basi.

Haya yakiwa yanangoja kuchapwa, ikaja barua ya pili ya Nabhan. Naiweka hapa, nimepunguza salamu tu.

*Bi Mwanamkuu, nimefanya kama ulivyosema. Khole alinisikiliza mpaka mwisho, akanipa ufagio akaenda kwa shangazi yake kushinda huko. Bi Fakhria nilimwambia nimeinamisha kichwa, naye akasema, "Mimi kosa langu ni moja tu. Nilimuuliza mtu aliyekuwa Dar es Salaam kwenye mpira." Na hapo akachukua shauri lote mikononi mwake. Alasiri ile aliwatangazia wateja kwamba atakayeleta karatasi yenye tarakimu atapewa visheti, na watu walimiminika mpaka balozi wetu wa nyumba kumi akaja kuuliza kama ni mkutano na nani ametoa kibali. Walileta Aprili, walileta Oktoba nzima, walileta risiti za umeme, ripoti ya shule ya mtoto aliyekuwa wa mwisho darasani, na hesabu za Hilali, ambazo nazo zilikuwa zimefungiwa karanga huko sokoni bila mwenyewe kujua. Hilali alikuja kuzichukua bila kuniangalia, na habari ya Septemba hajanitajia tena.*

*Rasimu Mzee Anton alikuwa nazo karibu zote. Juni niliijenga upya kutoka kwenye vishina na ankara, nikachukia kuandika.*

*Kwa Ndugu Wenceslaus nilikwenda kabla hajaja. Nilimweleza. Aliweka kalamu chini, akaniomba nirudie pale pa Kasimiri na kuku, nikarudia, akamwita mwenzake wa chumba cha pili, nikarudia tena mbele yake. Walipomaliza kucheka akarudisha uso wake wa kazi. Alisema uongo wangu utaandikwa katika faili langu na utakaa humo muda wote faili litakapokaa, na kwamba angekuja akawakuta wale mchwa angenipeleka mahakamani pamoja nao. Akanipa muda mpaka mwisho wa mwezi. Nimepeleka hesabu zote, amezipokea na kugonga muhuri, na leseni ninayo.*

*Nakala zimepigwa tatu. Ya tatu nilitaka kuipeleka kwa ndugu yangu, lakini Bi Fakhria ameikataza isitoke, anasema yeye ndiye atakayeitunza. Nilimkumbusha kwa heshima zote kwamba umesema awe mtu asiyepika. Alinijibu kwamba Bi Mwanamkuu hamjui. Ameifunga katika kitambaa cheupe akaiweka ndani ya kasha lake, chini ya sanda yake aliyojinunulia mwenyewe, na ufunguo anauvaa shingoni. Juzi nilihitaji kuangalia jumla ya Agosti. Aliniuliza nataka ya nini, akanituma nikanawe mikono, kisha akasimama mlangoni ananitazama mpaka nilipomaliza kusoma.*