Msingi wa Upande wa Nyuma

4 Mei

Kwako mdogo wangu,

Hujambo, wewe na wifi yangu? Huku tu wazima. Baba anasumbuliwa na magoti, ila ulimi wake haujambo kabisa. Binti yangu anakusalimu mjomba wake. Yuko darasa la nne sasa, wamebanana wanne dawati moja, anaandika kiwiko kikiwa hewani.

Ndiyo maana nakuandikia. Wazazi wamenichagua niongoze kamati ya ujenzi, nadhani kwa sababu ya mdomo wangu. Tumeuza chai, tumefua mazulia ya watu, tumegonga kila mlango. Kilichopatikana hakitoshi jengo jipya, kwa hiyo mwalimu mkuu ameshauri tupandishe ghorofa juu ya yale madarasa matatu mliyojenga wewe na Baba. Mkutano wa mchango ni Jumamosi, tarehe ishirini na tisa Juni, na Baba ndiye mgeni wa heshima. Ameshalitoa koti kabatini. Tunaomba mchango wako, na neno moja la fundi niwasomee wazazi.

Dada yako

19 Mei

Dada, shikamoo.

Sisi hatujambo. Mchango wangu umo kwenye bahasha. Neno la fundi ni hili: msipandishe ghorofa. Jengeni pembeni, hata darasa moja tu. Kuta zile ni za zamani.

Msalimie Baba.

Mdogo wako

27 Mei

Mdogo wangu,

Natumaini mwaendelea vizuri. Bahasha imefika, na umetoa kuliko mzazi yeyote wa hapa. Lakini wewe ninayekujua, ambaye huandika mpaka ulichokula mchana, unaniandikia mistari mitano?

Nilimsomea Baba, akacheka. Anasema msingi wake aliuchimba hadi kifuani na utabeba ghorofa tatu. Katibu wetu anasema umenuna kwa kuwa hukupewa kazi. Nimekutetea, ila kwa shingo upande. Kama una sababu, itoe. Kama huna, usituvunje moyo. Fundi anaanza kazi Jumatatu baada ya mkutano.

Dada yako

10 Juni

Mdogo wangu,

Salamu zangu unazo. Dereva wa basi ameapa kwamba barua ile alikukabidhi mkononi.

Darasa la kati limepata ufa chini ya dirisha la nyuma. Mwalimu ameufunika kwa ramani. Binti yangu anakaa hapo hapo. Nakuuliza kama mama yake: kuna nini pale?

Dada yako

16 Juni

Dada, shikamoo.

Watoe watoto wote darasani leo, kisha ndipo uendelee kusoma.

Baba alichimba hadi kifuani upande wa barabarani. Halafu akashikwa na homa, ile uliyomuuguza wewe, akaniachia upande wa nyuma na vibarua wawili. Kila asubuhi tulikuta mvua imejaza mtaro, tukawa tunachota maji kwa ndoo. Siku ya nne nilichoka. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nikataka Baba apone akute kazi imekwisha. Niliishia gotini, nikamwaga mawe na zege, nikafukia. Alipopata nafuu alinishika bega mbele ya watu akaniita fundi.

Nilihama kwa sababu hiyo. Sikuweza kuipita shule ile kila siku. Naogopa kumwambia Baba kuliko ninavyoogopa jela. Barua hii ifanye utakavyo.

Mdogo wako

1 Julai

Sijui nikusalimu vipi, kwa hiyo sikusalimu.

Watoto walitoka siku ile ile niliyopata barua, wanasomea chini ya turubai. Baba nilimsomea uani. Hakuamini. Alichukua jembe, na magoti yake yale, akaenda nyuma ya shule kuchimba kando ya ukuta ili anionyeshe kwamba unajisingizia. Nilimwomba jembe, akaninyima. Alipofika gotini, jembe lilipita chini ya msingi. Aliingiza mkono, akapapasa, akakaa pale pale kwenye udongo. 

Jumamosi alivaa koti lake. Barua yako ilikuwa mkobani mwangu, nikiamini ataniambia niisome. Akasimama mbele ya wazazi wote, akasema, "Msingi wa nyuma niliuchimba mimi, na niliuchimba vibaya. Uvunjeni." Akakaa. Kuna baba mmoja alimzomea. Mwalimu mkuu hakumpa mkono. Watu walichanga hata hivyo, kwa hasira, na sasa tunajenga pembeni, darasa moja.

Mimi sikuitoa barua mkobani, maana alinitazama kwa jicho la kunikataza. Naona aibu mpaka sasa ninapoandika. Tangu arudi mkutanoni hajatoka nje. Jana amewaita majirani akawagawia vifaa vyake vya ujenzi, pimamaji, timazi na mwiko. Anasema havimfai tena.

Dada yako

5 Julai

Dada, shikamoo, hata kama hutaiitikia.

Barua yako nimeisoma nimesimama mlangoni pa kazini, na kazi nimeiacha. Waite wazazi Jumamosi ya tarehe kumi na tatu, na aliyemzomea Baba akae mbele. Baba usimwambie kwamba nakuja, atanizuia. Nitasema mwenyewe, nao waamue wanavyotaka.

Wakiniacha huru, mtaro wa darasa jipya nitauchimba mimi, peke yangu. Mwekee Baba kiti ukingoni apime kina. Asiporidhika nitaendelea kuchimba.

Mdogo wako