Fahali wa Harusi Yangu

Jumatatu, 9 Juni

Nimemwagilia miche ya mikuyu kwenye kitalu cha hifadhi ninakofanya kazi, nimepanga viriba vya migunga kivulini, nimerudi mbio kumpikia chai mume wangu. Mume wangu. Nimeandika mara mbili kwa sababu napenda. Wiki tatu na siku mbili za ndoa, na bado nikisikia buti zake mlangoni moyo unaruka.

Deusi ni askari wa hifadhi hii. Mhaya wa Kagera, sauti ya taratibu, mikono mipana. Hifadhi ni ya mtu binafsi, kipande cha pori na matete kando ya ziwa, si mbali na Magu. Zamani nilidhani ni uchoyo tu wa kuwazuilia watu ardhi. Deusi hakubishana nami. Alinipeleka. Alinionyesha vifaranga vya sato kwenye mizizi ya matete, wengi kama mchele, akasema hao ndio wavuvi wa kijijini kwetu watakaowavua wakikua. Alinionyesha maji yanavyoingia kwenye matete na tope la mashambani, na kutokea upande wa pili yamechujwa. Nilimpenda pale pale, miguu yangu ikiwa topeni.

Akanionyesha nzohe. Swala wa majini, kwato ndefu, anatembea juu ya matete taratibu kama sista kanisani. Jike, sikio la kushoto limechanika. Deusi alimpa jina Bibi Harusi, siku ile ile aliyoniuliza kama nitakubali kuolewa naye. Alikuwa na mimba. Nzohe, si mimi!

Tangu wiki ya harusi hajaonekana. Deusi anamtafuta kila asubuhi. Leo tena amerudi suruali imelowa mpaka mapajani.

"Kesho, mke wangu," akasema. "Labda amejificha kuzaa."

Jumatano, 11 Juni

Deusi ameleta ndoo nzima ya mitego aliyoitoa kwenye matete. Nyaya za tairi zilizochomwa, zimekunjwa matanzi. Tanzi moja lilikuwa na mguu wa swala mdogo. Mguu tu. Mwenyewe aliuacha akaenda kufia mbele.

Nililia, kisha machozi yakakauka yenyewe kwa hasira. Aliyetega hizi sitaki afungwe tu. Nataka aaibike mbele za watu mpaka asijue uso auweke wapi. Nimemwambia Deusi hivyo. Akacheka, akanishika shavu, akasema nisiwe mkali. Mume wangu ni mwema. Mimi si mwema. Tutakamilishana.

Alhamisi, 12 Juni

Naandika kabla Deusi hajarudi.

Nilikuwa naimwaga ile ndoo. Matanzi karibu yote yamefungwa mpira mweusi pale waya unapojikunja, ili using'ae. Vipande vya mpira wa baiskeli. Vimekatwa mshazari, vimezungushwa mara tatu, ncha imechomekwa ndani.

Navijua. Nikiwa darasa la tatu nilikuwa nakaa chini ya ghala nyumbani nikikata vipande hivyo kwa wembe, mshazari, kama nilivyoelekezwa, vya kufungia kamba za mbuzi. Kijijini hakuna mwingine anayefunga hivyo.

Baba mdogo Ngassa. Mdogo wake marehemu baba. Aliyenilea. Aliyenisomesha mpaka kidato cha nne. Aliyesimama kwenye harusi yangu, mbele ya wageni kutoka Kagera, akatangaza kwamba amemtoa fahali wake kwa ajili ya binti yake.

Deusi sijamwambia. Kwanza nisikie kwa mdomo wa mwenyewe.

Jumamosi, 14 Juni

Nimekwenda. Nilimkuta anakaza ngozi ya ngoma yake. Yeye ni manju, kiongozi wa ngoma na mtunzi wa nyimbo wa kundi letu, na mashindano ya mavuno yamekaribia.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, Kabula wangu. Ndoa inakupenda, umenenepa!"

Nikaweka tanzi mbele yake. Akalitazama, akacheka. Alicheka! Kwa kicheko kile kile cha kunitania nilipokuwa mtoto.

"Mikono yako ilikuwa inakata vizuri kuliko yangu," akasema.

"Kwa nini, baba?"

"Wewe unaniuliza mimi? Mchuzi wa harusi yako ulidhani ni wa nini?"

Nikageuka kuangalia zizi. Fahali wake mwekundu alikuwa amesimama pale, anacheua. Mzima.

"Yule nimuue niwalishe Wahaya?" akasema. "Matete yako pale, nyama iko pale, haina mwenyewe. Jike lenyewe lilikuwa zuri, limenona, sikio tu ndilo limechanika. Tumboni lilikuwa na mtoto. Mbwa walifurahi."

Sijui nilifikaje nyumbani.

Kwenye harusi, mshereheshaji alituambia tulishane. Nilichagua kipande laini kuliko vyote nikamlisha Deusi kwa vidole vyangu. Akafumba macho. Akasema hajawahi kula nyama tamu kama ile.

Jumapili, 15 Juni

Misa. Kwenye "utusamehe makosa yetu kama tunavyowasamehe" nilifunga mdomo. Siwezi kusema uongo kanisani.

Deusi hakuja. Alikuwa kwenye matete anamtafuta.

Jumanne, 17 Juni

Nimepata njia.

Kwetu kundi la ngoma halishindi kwa kucheza tu. Makundi mawili yanasimama uwanja mmoja, yanapiga kwa wakati mmoja, na watu wanahamia kwa anayewapendeza. Manju hodari ni yule anayejua aibu ya mwenzake akaiweka kwenye wimbo. Wiki za kabla ya mashindano kila kundi hutafuta siri za jirani kama kuku anayepekua.

Basi leo nimekwenda kwa Masele, manju wa kundi la pili. Miaka mitatu mfululizo baba mdogo amemshinda. Alipoona ni mimi akainuka kwenye kigoda.

"Binti Ngassa kwangu? Umekuja kunipeleleza?"

"Nimekuja kukupa wimbo."

Nikampa. Fahali aliyetangazwa na hakuchinjwa. Nzohe aliyetegwa kwenye matete. Masele alipiga mapaja yake, akacheka mpaka akakohoa.

"Usimtaje mume wangu," nikasema. "Jina la Deusi lisiguswe."

"Naapa, dada. Simtaji."

Njiani kurudi niliimba. Naona haya kuandika, lakini niliimba. Baba mdogo anachopenda duniani ni ule uwanja. Nami nitamnyang'anya palepale.

Ijumaa, 20 Juni

Deusi amefika na maua ya maji, ya zambarau, kwenye kofia yake. Akayaweka mezani. Nampenda kiasi cha kuumwa.

Halafu akaniambia amepata wazo. Keshokutwa atajaribu upande wa kusini, kwenye matete mazito, huko nzohe wanazalia. Nikamwambia vaa soksi nzito, kuna ruba.

Ningeweza kumwambia hapo. Sikumwambia. Akijua atamripoti baba mdogo kimya kimya, kwa utaratibu, na baba mdogo atajibu kimya kimya. Mimi sitaki kimya.

Jumatano, 25 Juni

Siku tatu zimebaki. Nimepiga pasi gauni la njano. Usiku nimeota baba mdogo anacheza na hakuna mtu uwanjani. Nimeamka nimeshiba.

Deusi amerudi na ruba watatu mguuni. Nikawatoa mmoja mmoja kwa chumvi. "Upande wa kusini hayupo," akasema. "Lakini nimeona vifaranga vya nyangumbwa." Sijui hata ni ndege gani, nadhani jina amelitunga mwenyewe ili anichekeshe. Nikacheka. Mimi ni mtu mbaya.

Jumamosi, 28 Juni

Nitaandika yote.

Uwanja ulijaa. Hifadhi ilileta miche ya kugawa, kila kaya mikuyu miwili ya kupanda ukingoni mwa ziwa ili udongo usiporomoke. Deusi alisimama nyuma ya miche, kwenye sare, anapendeza kupita kiasi. Meneja wake alikuwa pembeni yake.

Baba mdogo alianza vizuri. Anajua. Watu walikuwa upande wake. Kisha Masele akanyamazisha ngoma zake, akaimba peke yake. Aliimba Kisukuma, kwa Kiswahili ni hivi:

Fahali wa Ngassa ana kwato ndefu,
Fahali wa Ngassa analala majini,
Bibi harusi kala, bwana harusi kala,
Fahali yupo zizini, anasubiri harusi.

Mara ya kwanza watu waliguna. Mara ya pili wakaelewa. Mara ya tatu uwanja mzima uliitikia, na watu wakaanza kuhama, kwanza vijana, kisha akina mama, kisha hata wazee wa ukoo wetu. Baba mdogo aliendelea kucheza. Kisha miguu ikapungua kasi. Kisha akasimama, jasho linamtiririka, kundi lake limeinamisha vichwa nyuma yake. Nilitazama uso wake mpaka nikatosheka. Ilikuwa tamu. Tamu kuliko keki ya harusi.

Ndipo mtu akapiga kelele nyuma:

"Afande! Utajikamata lini?"

Kicheko. Wote wakageukia miche. Mwingine akasema: "Askari kamla anayemlinda!"

Masele hakuvunja kiapo. Deusi hakutajwa. Mwaka huu hapa kijijini kulikuwa na harusi moja tu, ya kwangu, na mimi peke yangu ndiye sikulifikiria hilo. Nilitaka sana waone kilichokuwa kwenye sufuria ya harusi. Sikukumbuka nani alikula.

Deusi hakumwangalia Masele. Hakumwangalia baba mdogo. Aliniangalia mimi, na nilikuwa bado natabasamu.

Jumapili, 29 Juni

Aliuliza swali moja.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu tarehe kumi na nne."

Alikaa kitandani. Alivua buti moja, akaisahau nyingine.

"Wiki mbili," akasema. "Kila asubuhi ulinipa chai. Ukaniangalia naenda kumtafuta."

Nilitaka kumwambia habari za baba mdogo, za fahali, za mbwa. Hakuuliza hayo. Alivaa buti yake akaenda kulala kambini na askari wenzake.

Maua ya zambarau yameoza kwenye kopo. Sijayatupa.

Jumatano, 2 Julai

Nimesikia kwa mpishi wa kambi. Deusi alikwenda mwenyewe kwa meneja, akaeleza kwamba alikula, hakujua, lakini alikula. Meneja hakumfukuza. Amesema kabla ya Deusi kurudi kwenye doria zake, mitego yote ya Ngassa itolewe, na Ngassa mwenyewe ndiye aonyeshe ilipo. Mwenyekiti wa kijiji amekubali. Kwa hiyo wanatembea pamoja kwenye matete, mume wangu na baba mdogo, kutwa nzima. Eti hawasemezani.

Kundi limemchagua manju mwingine.

Nilipaswa kufurahi. Nimefurahi. Lakini sina wa kumwambia.

Ijumaa, 4 Julai

Baba mdogo amekuja nyumbani kwangu mchana na yule fahali mwekundu. Kamba imefungwa kwa mpira mweusi, mshazari, mizunguko mitatu. Mzee mwenyewe amekonda kwa wiki moja tu hii.

Sikumwamkia. Mara ya kwanza maishani mwangu sikumwamkia.

"Mwanangu, pokea," akasema. "Nilikuahidi."

"Fahali wangu nilishamla," nikamwambia.

Alivuta kamba. Kisha akamgeuza ng'ombe wakarudi kwa njia waliyojia, fahali mbele, mzee nyuma. Nilimtazama mpaka kona ya mkwaju. Sijamsamehe. Sijui kama nitamsamehe. Lakini ule mgongo ndio ulionibeba nikiwa mtoto kwenda zahanati, na niliuona vizuri.

Jumatatu, 7 Julai

Sikukuu. Kitalu kimefungwa. Jana Deusi alirudi kulala nyumbani, upande wake, amegeukia ukutani.

Leo kabla ya jua alivaa buti. Nami nikavaa zangu. Hakusema njoo, hakusema baki. Mlangoni akanipa koleo la kukatia waya.

Tulitoa mitego upande wa kusini. Baba mdogo alikuwa ameweka alama ya kitambaa penye kila mtego. Deusi anashika waya, mimi nakata. Mpira mweusi nauvua kwanza, naujua unavyofunguka. Tulifanya hivyo mpaka jua likatuchoma migongo, na maneno yaliyosemwa yalikuwa "hapa" na "shika".

Karibu na maji Deusi alichuchumaa. Kwenye tope kulikuwa na alama za kwato, ndefu, mbili mbili, zimeingia kwenye matete. Mbichi. Si za Bibi Harusi, yeye nilimla. Ni za mwingine. Akapima moja kwa kiganja chake.

Kisha akasogea kidogo ili nami nione.