Mzee Nguzo na Mlango wa Pembeni

Mwaka umetimia, Baba, tangu tukusindikize, na tulikuwa tumepanga kukuandikia maneno matamu tu. Yapo, utayasikia. Lakini kwanza tuna neno na wewe kuhusu ule mlango.

Ulikuwa fundi viatu, na kibanda chako kilitazamana na kanisa kuukuu la mtaa wetu, lile la mawe, ambalo wageni huja kulipiga picha wakidhani ni makumbusho. Mmoja wao aliwahi kukuuliza kanisa hili lilifungwa lini. Ulimjibu bila kuinua macho kutoka kwenye soli: "Jana, saa mbili usiku. Leo alfajiri tukalifungua." Kisha ukafuta mikono, ukampeleka ndani mwenyewe, ukamwonyesha dari na vioo vya rangi, na ukamkalisha kwenye benchi asubiri misa. Kanisa, ulimwambia, likisaliwa ndipo linaonekana.

Hivyo ndivyo ulivyokuwa. Umetulia kama maji ya mtungini. Mteja aliyeleta kiatu kimoja ulimrudisha akalete na cha pili, hata kama hakijachanika, ukasema ukikipendelea kimoja vitaoneana wivu. Sauti hukuipandisha, hata pale tulipostahili.

Ila pia ulikuwa mbishi, mbishi wa kimyakimya, na hilo hatutalificha kwa sababu tu umefariki.

Kila Jumapili ulitukalisha nyuma ya nguzo ya mwisho, kando ya mlango wa pembeni, mahali ambapo hata paka asingepachagua. Tena ulituwahisha, kana kwamba kuna wa kutunyang'anya. Wenzetu walimwona padri. Sisi tulimwona mkono. Mama alizoea kusema kwamba padri wetu anamjua kwa kiganja tu, wakikutana sokoni hamtambui mpaka abariki kitu. Alikuomba mhame, akakusihi, akanuna. Jibu lako likawa lile lile: "Hapa pananifaa, Mama Watoto." Tukadhani unapapenda kwa ajili ya kutoka mapema, ingawa hata siku moja hukutoka mapema. Wanakwaya wakakubandika jina la Mzee Nguzo, kwa kejeli, nawe ukalipokea kama nishani.

Halafu kuna suala la viatu. Vile vyako vya kanisani, cha kulia kilikuwa kizima daima, cha kushoto kikilika ubavuni. Mama alikuuliza unatembeaje. Ulicheka, ukabandika kipande kingine cha ngozi. Tukasema ndiyo hayo, mganga hajigangi.

Baada ya mazishi Mama alihamia kwa binti yako mkubwa, upande wa pili wa mji, akawa anasali huko huko. Hakukanyaga tena kanisani kwetu mpaka Jumapili iliyopita, siku ya misa yako ya mwaka. Alitaka jambo moja tu: akae mbele, amwone padri mzima, na alisikie jina lako likitajwa altareni.

"Nguzo nimeivumilia miaka yote," alituambia njiani, miguuni viatu vipya alivyonunuliwa na mwanao dereva kwa shughuli hiyo. "Leo Baba Watoto atanisamehe."

Tukakaa benchi la mbele kabisa. Padri akasalimu, akasema misa hii tunamwombea ndugu yetu, akavuta pumzi, na mlango wa pembeni ukajibamiza. Jina lako likamezwa lote, na la ukoo juu yake. Mama aligeuka polepole, kama mtu aliyeguswa bega na asiyemjua.

Mlango ukajibamiza kwenye somo la kwanza, walipoingia wachelewaji. Ukajibamiza kwenye zaburi, walipoingia wageni wawili wenye kamera. Injili nayo haikupona. Mwanao akanong'ona kwamba angeuwekea jiwe, akaambiwa jiwe lilishajaribiwa: upepo uliingia ukazima mishumaa na kutawanya karatasi za kwaya. Padri alipoanza mahubiri, Mama akamwinamia jirani yetu wa benchi, muuza mitumba, akamuuliza mlango umeingiwa na nini.

"Mlango umezeeka, mwenzangu. Umeanza ujeuri huu mwaka jana."

"Mwaka jana?"

"Eeh. Zamani ulikuwa mtulivu kabisa. Seremala ameletwa zaidi ya mara moja, anasema hauna kosa lolote, ni mzito tu, ndivyo ulivyotengenezwa."

Mama alikaa akikitazama kiatu chake cha kushoto. Kisha akasema, si kwa sauti ya kanisani bali ile ya jikoni, "Lakini mtu huyu alikuwa na mdomo. Si angesema tu."

Akanyanyuka. Akachukua mkoba wake, akashika njia ya katikati, kanisa zima likimtazama na padri akipoteza sentensi yake, mpaka nyuma ya nguzo ya mwisho. Akakaa pale pale pako. Akanyoosha mguu wa kushoto mpaka kwenye njia ya mlango.

Sisi tuliobaki mbele tuliona aibu kwanza, halafu tukakukasirikia. Hivi ulishindwa nini kutuambia, Baba? Tungepokezana. Binti yako ana miguu mirefu kuliko yako. Tungekaa nyuma ya nguzo hiyo hiyo, lakini tungejua tunakaa kwa ajili gani, na Mama asingenuna Jumapili zote zile. Kazi umeifanya miaka yote kwa mguu, na sifa umeuachia mlango.

Ikafika sala kuu, pale padri anapowaombea marehemu. Mlango ukafunguka, mmoja wa wale wageni alikuwa anatoka. Tukakunja nyuso, tukasubiri. Mlango ukarudi kwa nguvu zake zote, ukakutana na ubavu wa kiatu kipya, ukatua kama kope. Na padri akalitaja jina lako, lote, na la ukoo, bila haraka. Lilipanda mpaka darini, tukalisikia likishuka.

Nje tulimuuliza Mama kama alimwona padri.

"Mkono," akasema. Akainua mguu kutuonyesha mkwaruzo. "Kipya, jamani. Tazameni alivyonifanyia."

Hataki kiatu hicho kiguswe na fundi mwingine. Na mizigo yake ameirudisha nyumbani, karibu na kanisa. Anasema ni kwa muda tu, mpaka mlango upate mtu.

Tunaokukumbuka kwa upendo, na kwa manung'uniko yetu: mkeo, ambaye bado ana la kukuambia mtakapoonana, binti yako mkubwa mshonaji, atakayempokea zamu mlangoni Jumapili ya pili, mwanao dereva, ambaye ameanza kukubali kushika zamu, mkwe wako muuguzi, na wajukuu wako, ambao wamekaa pale wakajipima, na miguu yao bado haijafika.

Pumzika kwa amani, Mzee Nguzo. Kukusahau hatuwezi. Siku tukijaribu, mlango utatukumbusha.