Nyimbo Kumi na Moja za Ndani

Mikumi,
11 Februari 2024

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Habari za Zombo, na goti linaendeleaje tangu mvua zianze? Mimi ni mzima. Nakula, nalala, kazi ipo.

Nimeandika barua kwa sababu simu yako ikiita nyumba nzima inasikiliza, na hili ni la sisi wawili. Stefano wa bodaboda nimemwambia akukabidhi mkononi, asiiache dukani.

Kazi yangu unaijua: natunza kompyuta za hoteli moja ya watalii, zikigoma nazibembeleza. Muda unaobaki naandika kwenye ukurasa wangu wa mtandaoni, na naandika chochote kinachonishika. Vivinjari, kwa mfano, zile programu ambazo mtu anafungulia mtandao kwenye simu au kompyuta. Ninavyo kumi na vinne, vya kale na vya sasa, na napenda kufungua ukurasa mmoja kwenye vyote nione kipi kinauharibu. Nimeandika pia jinsi wanawake wanavyochoma vyungu, na paa za stesheni za reli, na majina ya mlenda. Makala inayosomwa kuliko zote inaeleza namna ya kuingia mtandaoni kwa simu ndogo ya vitufe. Ya mlenda ina wasomaji tisa, na nadhani watatu kati yao ni mimi.

Sasa ombi. Kungwi wa Munisagara alifariki Desemba, na nyimbo zake za unyago amekwenda nazo. Wewe unazo kumi na moja. Naomba nizirekodi kwa sauti yako, niziweke mtandaoni mahali ambapo mwanamke aliyechezwa unyago tu ndiye atakayeweza kuzisikia. Namna ya kufunga ninayo.

Mwanao,
Shamimu


Zombo,
18 Februari 2024

Mwanangu Shamimu,

Marahaba. Sisi tuko salama. Goti linanitangazia mvua kabla ya redio, kwa hiyo nimeliacha liendelee na kazi yake.

Tangu una miaka sita wewe ni wa kuokota. Vifuniko vya soda, mabawa ya kumbikumbi, maneno ya wakubwa. Nilidhani shule itakuchagulia kimoja. Naona haikuchagua.

Ombi lako nimelilala siku nne. Nyimbo za ndani hasikii mwanamume, wala msichana ambaye hajachezwa. Hivyo ndivyo nilivyopewa na mama yetu, na nilikula kiapo. Jambo la namna hii huwa tunaamua makungwi wote watatu. Ila Sesilia nikimwuliza atakataa kabla sijamaliza kusema, na yule wa tatu husema alichosema Sesilia. Kwa hiyo sikuwauliza. Nimeamua peke yangu, kwa sababu mimi nina miaka sitini na nane na hao wasichana wa siku hizi wakifika wimbo wa tano wanaanza kupiga miayo.

Njoo kabla ya Ramadhani. Uje peke yako. Mlango wako usimfungukie mwanamume, sitaki kusikia jingine.

Kuna habari njema pia. Mwezi wa sita tunamcheza Mwamvua, mjukuu wangu, pamoja na wenzake wanne. Nitakaa mimi mbele. Miaka kumi na tisa nawacheza watoto wa watu, sasa ni zamu ya wa kwangu, na wewe utamshika mkono akitoka. Nimekwisha kumwambia.

Mama yako mkubwa


Mikumi,
14 Aprili 2024

Mama Mkubwa,

Shikamoo, na Idi njema iliyopita. Asante kwa ule wali wa nazi wa siku ya kurekodi, niliula mpaka Jumatatu.

Nyimbo ziko mahali pake, zote kumi na moja. Anayefika anakutana na swali moja, lile tulilokubaliana, ambalo aliyekaa ndani tu ndiye anayejua jibu lake. Akikosea, ukurasa unabaki mtupu. Nimejaribu kukosea kwa namna ishirini na nane. Na kama kawaida yangu, nimehakikisha ukurasa wenyewe unafunguka hata kwenye simu ya bei ya chini kabisa, maana wanawake wengi wa kwetu ndizo wanazotumia.

Hadi leo wamejibu sawasawa wanawake thelathini na wanne. Mmoja ameandika kutoka Muscat kwamba alisikiliza wimbo wa tatu akiwa jikoni kwa watu, akakaa chini.

Mwambie Mwamvua nimeomba likizo kuanzia tarehe saba Juni.

Mwanao,
Shamimu


Zombo,
19 Mei 2024

Shamimu,

Hujambo. Mimi sijambo kwa mwili.

Juzi Sesilia alikwenda Dumila kuuza vitunguu. Pale stendi wapakiaji walikuwa wamekaa juu ya matenga, mmoja ana simu ya vitufe, inaimba. Sesilia anasema alisimama akidhani ameugua. Ilikuwa sauti yangu, wimbo wa saba. Wanaume sita na muuza mayai wanasikiliza na kucheka. Akamwuliza mwenye simu ameutoa wapi. Akasema mtandaoni, kwa yule dada anayefundisha mambo ya simu ndogo.

Sesilia hakupiga kelele. Alinunua kiroba cha kuwekea vitu vyake, akapanda gari, akaja moja kwa moja kwangu hata kwake hajafika. Jana wanawake wamekaa. Mwamvua na wenzake wametolewa mikononi mwangu mpaka jambo hili lijulikane. Zimebaki wiki tatu.

Uliniambia unafunga. Nieleze ulifunga nini.

Mama yako mkubwa


Mikumi,
21 Mei 2024

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Barua yako imefika jana saa nne asubuhi. Naeleza kwa mpangilio.

Kwanza, lile swali halikai kwenye ukurasa wenyewe. Ni programu ndogo inayotumwa pamoja na ukurasa, na kivinjari cha msomaji ndicho kinachoiendesha. Vivinjari vya sasa vyote huiendesha. Vya simu za vitufe haviwezi. Vinairuka na kuonyesha ukurasa ulivyo, bila swali.

Pili, hilo nililijua. Nimewahi hata kuliandikia makala. Swali nililijaribu kwenye vivinjari vipya, na kufunguka kwa ukurasa nilikujaribu kwenye vya zamani. Sikujaribu swali kwenye vya zamani. Furaha ya kuona ukurasa unafunguka kila mahali ilinifanya nisiulize kama unafunguka kwa kila mtu.

Tatu, wasomaji wangu wengi wana simu hizo hizo, kwa sababu ya ile makala. Niliwaita mwenyewe.

Nne, nyimbo nimeziondoa jana saa nne na robo. Zilikuwa zimechukuliwa mara mia mbili na sita. Zilizokwisha kuchukuliwa siwezi kuzirudisha.

Niko tayari kuja kuwaeleza wanawake.

Mwanao,
Shamimu


Zombo,
26 Mei 2024

Shamimu,

Hujambo. Hapa tu wazima.

Barua yako nimeisoma mara mbili nikitafuta neno pole. Nimekuta kwanza, pili, tatu na nne. Mwandishi mzuri wewe, kila kitu kiko mahali pake, na mimi siko popote humo.

Usije. Sikiliza kwanza. Sesilia amekuja leo baada ya kanisa. Tumegombana mara nyingi yeye na mimi, lakini tulikaa ndani pamoja mwaka mmoja, na hapendi kuniona nje. Ameniletea njia. Alisema hivi, naandika maneno yake: “Sema mtoto alificha simu kwenye kanga, hukujua. Kiapo chako kitakuwa kizima, na Mwamvua utamcheza wewe.”

Nikamwuliza na wewe je. Akasema anayeiba nyimbo hakanyagi tena nyumba ya wali, wala hamshiki mwali mkono. Hilo unalijua.

Nikisema kweli, nimevunja kiapo kwa mdomo wangu, na nitamsikia mjukuu wangu akichezwa nikiwa nyuma ya ua pamoja na kuku. Wanakaa Jumamosi. Sijui nitasema nini.

Mama yako mkubwa


Mikumi,
28 Mei 2024

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Stefano anasubiri mlangoni, kwa hiyo nitakuwa mfupi.

Pole. Nisamehe. Nimekuaibisha mbele ya watu ambao umezeeka nao, na niliposoma habari ya Dumila nilikaa nikakuandikia orodha kwa sababu orodha ndicho kitu ninachokijua. Naona haya. Sijawahi kuona haya namna hii.

Sema niliiba. Mimi nimekwisha kuchezwa na nitaishi bila kuingia tena. Mwamvua anachezwa mara moja tu, na anakutaka wewe. Kwangu mimi ni uongo mdogo. Sema, usinihurumie.

Nikiulizwa nitakubali.

Mwanao,
Shamimu


Zombo,
7 Julai 2024

Mwanangu Shamimu,

Hujambo. Habari za kazi, na zile kompyuta zako za watalii? Hapa tumevuna. Mahindi si haba.

Najua ulikuwa unasubiri. Nimechelewa kwa sababu sikuwa na la kuandika ambalo ningependa ulisome.

Nilisema. Walikaa wanawake kumi na wawili, nikasimama, nikasema mtoto wa mdogo wangu alificha simu kwenye kanga. Nilidhani ulimi utakataa, haukukataa. Wakanipa pole. Mmoja alilia kwa ajili yangu. Sesilia alitazama chini mpaka nikamaliza, kisha akaniletea kigoda changu.

Mwamvua nimemcheza mimi. Siku kumi na nne nimekaa mbele. Wimbo wa saba niliuimba, na sauti ilitoka vizuri kuliko siku ile uliponirekodi, na hilo ndilo lililoniumiza. Alipotoka nje alinyoosha mkono akatafuta wa kwako. Akaushika wa Sesilia. Baadaye aliniuliza ni kweli uliiba. Nikamwambia ndiyo. Wale kumi na wawili nilishindwa kuwaonea haya, ila kwa yule mtoto nimeona haya mpaka leo.

Umesema ukiulizwa utakubali. Mwanangu, nakujua mimi. Swali la kwanza utakubali. La pili, lile la ulikaa wapi na mimi nilikaa wapi na tulikula nini, utawaeleza kila kitu kwa mpangilio, kwanza, pili, tatu, mpaka wali wa nazi. Hukuumbwa kuficha. Ndiyo maana hata mlango wako haukufunga.

Kwa hiyo usije Zombo. Si mwaka huu, wala ujao, wala nikiwa ninaumwa. Nikifa watakuita, na siku hiyo hakuna atakayekuuliza kitu. Nakupenda, na nimekukosea, na ningerudishwa kwenye kile kikao ningesema vilevile.

Mama yako mkubwa