Kadi ya Ng'ombe wa Uswisi

Jumatano, Makole

Nimechoka, halafu albamu yangu ina pengo. Baba amerudi kwake Bahi asubuhi, na ile kadi ya ng'ombe haipo.

Jana jioni alizipitia kadi zangu zote za posta za Uswisi. Milima ya theluji hata hakuijali. Alipofika kwa wale ng'ombe wanono wenye kengele shingoni, akakaza macho.

"Huko kwao mvua huanza lini?"

"Sijui, Baba."

Miaka yote hii rafiki yangu Neema ananitumia kadi kutoka huko, na sijawahi kumuuliza. Habari za mifugo ya Baba nazo sikuuliza. Kwa ukame huu, niliogopa jibu.

Kinachoniudhi ni kwamba hakuomba. Angesema tu, ningempa.

Jioni hii nimempigia simu mdogo wangu Yohana, anayeishi na Baba, nikalalamika weee.

"Kaibandika kwenye nguzo ya zizi," akasema.

"Zizini? Si ng'ombe wataitafuna!"

 

"Ng'ombe gani, dada?"