Usawa wa Kifua

Jumapili, 12 Januari 2025

Sijamwambia mtu yeyote. Mininga arobaini na mmoja iliyoandikwa kwenye daftari la msitu wa kijiji niliipima vibaya. Niliipima kwenye kifua changu.

Ngoja niandike vizuri. Labda nikiiona kwenye karatasi itapungua.

Tangu Jumatatu iliyopita nafanya kibarua cha kupima miti kwenye kilima cha msitu, kule juu ya Sigino. Matokeo ya kidato cha nne bado, na Mama alichoka kuniona nimekaa nyuma ya cherehani yake nikichomoa nyuzi. Bwana Misitu — jina lake Theodory, ila hakuna anayemwita hivyo — alikuja kuchukua suruali yake, Mama akamwambia, "Huyu haongei, lakini mwandiko wake kama wa kompyuta." Ndivyo nilivyopata kazi.

Kazi yenyewe: kila mninga una kibati cha namba kilichopigiliwa chini, karibu na mizizi. Mwaka 2020 yote ilipimwa unene. Sasa tunapima tena, mti uleule, mahali palepale, ijulikane umeongezeka kiasi gani kwa miaka mitano. Kijiji kitaruhusiwa kukata kiasi kilichoongezeka tu, basi. Rangi iliyoonyesha mahali pa kupimia imeshafutika kwa moto na jua. Kwa hiyo tulipewa fimbo ya mita moja na sentimita thelathini. Unaisimamisha kando ya mti, unazungusha tepu pale inapoishia. Bwana Misitu alitufundisha nusu saa, na muda wote maneno yake yalikuwa "usawa wa kifua, usawa wa kifua."

Jumatano nikapoteza fimbo. Niliiegemeza mahali tulipokula viazi, tuliporudi haipo. Waokota kuni, nadhani. Tulikuwa tumepima miti tisa tu. Ninayefanya naye kazi ni Mama Genoveva, mkulima wa hukohuko, mrefu, mcheshi, hanyamazi. Nikamwambia turudi tukamweleze Bwana Misitu. Akaniangalia juu mpaka chini.

"Si alisema kifuani? Kifua unacho. Kidogo, lakini unacho."

Akacheka mpaka akashika mti. Mimi nikaona aibu, nikapima harakaharaka ili aache kucheka. Nikaendelea hivyo siku tatu. Miti arobaini na mmoja.

Jana Mama alikuwa anapima watu sare za kwaya. Mmoja akasema achukue vipimo vya mwenzake tu, wanalingana. Mama akamjibu, "Vifua haviko sehemu moja, dada yangu. Ndiyo maana napima kila mtu." Tepu ikanidondoka. Watu walipoondoka nikajipima kutoka sakafuni. Mita moja na sentimita nane.

Sentimita ishirini na mbili chini ya fimbo. Na mti chini ni mnene zaidi, hata mtoto anajua.

Jumatatu, 13 Januari

Leo tumeitwa ofisi ya kijiji. Bwana Misitu kaja na kompyuta yake, anatabasamu hata kabla ya kuifungua. Miti tisa ya mwanzo imeongezeka kidogo kama alivyotegemea. Lakini arobaini na mmoja — imeongezeka mara mbili ya hiyo.

Nilijua nitakamatwa palepale. Akasema ni udongo. Upande ule wa kilima una udongo mzuri zaidi. Akaeleza vizuri sana mpaka na mimi kwa dakika moja nikaamini.

Matokeo yake: kijiji kinaweza kukata mininga kumi na minne mwaka huu. Mzee Wilbroad, mwenyekiti wa kamati ya msitu, alijipiga mapajani kwa mikono miwili kwa furaha. Huyu mzee amelinda kilima kile tangu kabla sijazaliwa, alihamia hapa kutoka Mbulu akiwa kijana. Akasema kumi na minne ni madawati ya darasa la kwanza mpaka la nne. Sasa hivi wanakaa chini. Fundi Sadock, seremala, alishaanza kuuliza mbao zitatoka lini, misumari iko wapi, nani atapaka rangi.

Mkutano wa kijiji ni Jumamosi. Ukipitisha, wanakata.

Bwana Misitu aliinua daftari akawaonyesha mwandiko wangu. Wote wakaniangalia. Nikaangalia viatu.

Jumanne, 14 Januari

Sikwenda popote. Mama alipoenda sokoni nilichukua tepu yake nikaenda kwenye ule mgrevilea wa nyuma ya nyumba. Nikapima mzunguko kifuani kwangu. Halafu kwenye mita moja na thelathini. Tofauti sentimita tano. Nikagawa kwa 3.14. Unene umezidi sentimita moja na nusu na kidogo.

Mninga unaongezeka milimita tatu kwa mwaka. Miaka mitano ni sentimita moja na nusu.

Yaani ufupi wangu umeongeza miaka mitano kwenye kila mti!

Jirani yetu, Aikande, akachungulia juu ya ua. "We Noela, mti unaushonea nguo?" Nikasema ndiyo. Sijui kwa nini nilisema ndiyo.

Jumatano, 15 Januari

Nimemwambia.

Niliandika barua, kurasa mbili. Nilipanga nimpe halafu niondoke. Nilimkuta Bwana Misitu nje ya ofisi ya kijiji anafuta tope kwenye pikipiki. Shikamoo. Marahaba, Noela, vipi. Nikanyoosha bahasha. Akaifungua palepale mbele yangu, na mimi nikabaki nimesimama.

Alisoma mara mbili. Halafu akasema, "Simama ukutani hapo." Akatoa futi ya chuma, nikashika ncha yake kifuani, akaishusha mpaka chini. "Mia moja na nane." Sauti ya kawaida tu, kama anasoma namba ya mti.

Akakaa kwenye ngazi. Nikangoja anifukuze.

"Siku ile nawafundisha, nilisema 'kifua' mara ngapi?"

Nikasema nyingi.

"Na 'mita moja na thelathini'?"

Nikasema mara moja. Labda mbili.

Akatikisa kichwa muda mrefu. Akasema yeye ni mrefu, kwake kifua na mita moja na thelathini ni kitu kimoja, hajawahi kufikiria kama kwa mwingine si hivyo. Na kosa lake jingine ni lile la udongo. Aliona miti tisa inasema hivi na arobaini na mmoja inasema vile, badala ya kwenda kuangalia akatafuta sababu nzuri. Akasema namba ikikufurahisha ndiyo uikague mara ya pili. Hiyo nimeipigia mstari.

Hakusema siyo kosa langu. Alisema, "Ungesema Jumatano ile tungepoteza fimbo moja. Sasa tumepoteza wiki." Nikakubali. Ni kweli.

Kesho na keshokutwa tunapima upya yote arobaini na mmoja. Amekata mianzi mitatu akaipima mbele yangu. Mitatu, endapo utapotea mmoja.

Alhamisi, 16 Januari

Nimechoka, mikono ina utomvu mwekundu. Siku nzuri sana.

Mama Genoveva alipoambiwa sababu alijiangalia kifuani, akaniangalia na mimi. Halafu akasema, "Kumbe kifua changu ndicho kilitakiwa, na mimi nikakaa nacho tu." Bwana Misitu akajifanya hajasikia. Baadaye, tukiwa wawili, Mama Genoveva akaniambia pole, utani wake ndio ulinifunga mdomo. Nikamwambia mdomo wangu hufungwa hata bila utani.

Mti namba 27: mwaka 2020 unene ulikuwa sentimita 35.8. Mimi wiki iliyopita niliandika 38.9. Leo, kwenye mwanzi, 37.2. Nilikata namba yangu kwa mstari mmoja ili ibaki inasomeka, nikaandika mpya juu yake na tarehe. Ndivyo alivyoelekeza. Hakuna kufuta, hakuna kuchana ukurasa.

Kila mti tukimaliza nauchora pete ya rangi nyekundu pale mwanzi unapoishia. Atakayekuja 2030 hatahitaji kifua cha mtu.

Halafu hili. Mzee Wilbroad alitufuata mchana, akatuonyesha upande walikokata njia ya kuzuia moto. Mininga midogo! Mwaka 2020 waliihesabu kumi na mmoja pale. Leo tumehesabu sitini na mitatu, mingine inafika gotini, mingine inanipita mimi. Mzee alikuwa anaigusa mmojammoja kama anahesabu mbuzi zizini. Akaniuliza, hii itakuwa mbao lini? Bwana Misitu akasema mjukuu wa mjukuu wake ataikalia. Mzee akasema basi ajue kukaa vizuri.

Ijumaa, 17 Januari

Tumemaliza saa tisa. Jibu: sita.

Kutoka kumi na minne mpaka sita. Madawati ya darasa la kwanza na la pili. La tatu na la nne watasubiri. Bwana Misitu alituonyesha kwa kompyuta: tukikata sita, baada ya miaka mitano tunaweza kukata sita tena, labda saba, na kuendelea hivyo. Tukikata kumi na minne, mara tatu tu halafu kilima kimebaki vichaka. Nikauliza swali. Mimi! Niliuliza kama ile midogo sitini na mitatu imehesabiwa. Akasema bado ni midogo mno kuingia kwenye hesabu, lakini swali ni zuri, aandike nani? Nikaandika mimi, na ukurasa mpya: vipimo vya mininga midogo, 2025.

Jioni Mama Genoveva kanipigia simu. Habari ya sita imeshafika mashine ya kusaga. Fundi Sadock yupo pale na debe lake la mahindi, anahubiri: "Mimi shule yangu ni darasa la saba, lakini kumi na nne toa sita inabaki nane. Hiyo nane imepanda gari gani?" Watu wanacheka, lakini siyo kicheko kizuri. Wanasema Bwana Misitu ameshauza.

Nikampigia Bwana Misitu. Anajua. Akasema kesho ataeleza kwamba vipimo vimehakikiwa. "Jina lako sitalitaja, usiwe na wasiwasi."

Nilishukuru. Nikakata simu, nikafurahi kama dakika tano. Halafu sikufurahi tena.

Jumamosi, 18 Januari

Naandikia kwenye mkutano. Tuko darasa la tatu, mojawapo ya yale yasiyo na madawati, wamejaa mpaka nje ya madirisha. Nimekaa chini ukutani, daftari gotini. Mama Genoveva kando yangu anadhani naandika namba.

Ajenda ya kwanza, maji, imeisha. Msitu umeanza.

Bwana Misitu ameeleza. Ameeleza kwa sauti nzuri, taratibu, vipimo vilirudiwa, vimehakikiwa, ni sita. Sadock kasimama nyuma. Kauliza kwa heshima kabisa: Jumatatu ulituambia kumi na nne mbele ya mwenyekiti, ukatuonyesha na daftari. Leo sita. Nani alikosea, na alikosea vipi? Au hakuna aliyekosea?

"Vipimo vilihakikiwa," Bwana Misitu kasema tena.

"Hilo tumesikia, kaka. Nauliza aliyekosea."

Bwana Misitu kapanga karatasi zake upya. Hajaangalia upande wangu hata mara moja. Mtu mmoja dirishani kasema kwa sauti, huyu atuonyeshe hiyo minane iko wapi. Kuna waliopiga makofi. Mzee Wilbroad kagonga meza, kasema wanyooshe mikono, wasiongee kama wako mnadani. Mikono iko mingi. Anaichukua mmojammoja. Mama mmoja kasema bora msitu ufungwe kabisa kuliko kuibiwa. Mwingine kasema bora wakate kumi na minne hiyohiyo leo kabla haijaibiwa. Huyo kapigiwa makofi zaidi.

Minane iko palepale kilimani. Ina pete nyekundu. Mtu mmoja tu humu ndani ndiye anayetakiwa kueleza ilivyoingia kwenye hesabu na ilivyotoka, na mtu huyo anaandika badala ya kuongea.

Nina mwanzi mmoja hapa, tuliobaki nao. Nikisimama nao mbele na kuusimamisha kando ya kifua changu, wataona wenyewe unavyokipita. Hata sitahitaji maneno mengi. Watacheka. Mama Genoveva atacheka wa kwanza. Acha wacheke.

Nimenyoosha mkono. Wa kushoto, huu wa kulia unaandika. Mzee Wilbroad ameuona. Kasema, "Yule binti wa daftari, baada ya hawa watatu."

Hakuna anayejua nitakachosema. Bwana Misitu ananiangalia sasa na kutikisa kichwa kidogo, kama anasema siyo lazima. Wawili wamebaki. We daftari, nitunzie siri hii mpaka huyu wa mwisho akae chini.